Kamera Iliyobaki kwa Mjane

Kornel wa Ng'ambo, mtaa wa Tabora mjini, alikuwa mkali kwa kamera kuliko kwa watoto wake. Ukimpelekea kamera yako uliyoinunua Dar, kifua mbele, hakupi hata pole ya safari. Anaichukua, anaigeuza, anafungua mlango wa betri, ananusa. Ndiyo, ananusa! Betri ikivujia ndani huacha harufu ya ukakasi, na Kornel alisema pua yake haijamwangusha hata siku moja. Kisha anaiweka sikioni na kuiwasha, asikilize lenzi inavyotoka. Ikitoka kwa kusagasaga, basi kuna mchanga ndani, na mchanga wa Tabora ukishaingia kwenye meno ya lenzi hapo tena hakuna fundi. Mwisho anapiga picha ukuta mweupe wa duka lake, anaitazama kwenye kioo cha nyuma, akitafuta madoa. Wewe ukianza kumwimbia habari za megapikseli zilizoandikwa ubavuni, anakukata kauli palepale: "Hizo za kusoma. Mimi nataka kujua kama inaona."

Na alikuwa na mapenzi yake. Kamera kubwa za kuning'iniza shingoni hazikumbabaisha. Aliyoipenda ni ile ndogo ya kubonyeza tu, ya bei ya mkulima, inayokula betri mbili za rimoti ambazo kila kioski kinauza. "Ile yenye chaja yake," alikuwa akisema, "siku chaja ikipotea una tofali." Kuanzia Kanyenye mpaka Gongoni wauzaji walimchukia, maana mteja alikuwa hatoi hela mpaka Kornel aseme. Akisema nzima, ni nzima. Akisema mbovu, hata ungeapa kwa jina la mama yako, hakuna atakayekusikiliza. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kusema uongo juu ya kamera, hata ya adui yake. Aliusema mmoja tu, na huo ndio ninaotaka kuwasimulia.

Kule Ulyankulu, kwenye makazi ya watu wenye asili ya Burundi, kulikuwa na mpiga picha anaitwa Gervasi. Kornel ndiye aliyemchagulia kamera, kijivu, ndogo, inaingia kwenye mfuko wa shati, na urafiki wao ulianzia hapo. Kila Gervasi alipokuja mjini kuchapisha picha alifikia dukani kwa Kornel, na utani ulikuwa hauishi. Gervasi, Mkatoliki, alimwambia Kornel kwamba Wamoraviani hawapendi picha ndiyo maana maharusi wao hawacheki. Kornel alimjibu kwamba maharusi wa Kikatoliki wanacheka kwa kuwa hawajaelewa mahubiri.

Kazi yenyewe ilikuwa ya baiskeli. Komunyo ya kwanza, kipaimara, ndoa, na zaidi ya yote misiba. Simu kubwa zilikuwa bado za wachache, na hata mwenye nayo picha zilifia humohumo ndani. Watu walitaka picha ya karatasi, ya kutundika ukutani. Mtu akifa, ndugu walisimama nyuma ya jeneza wakapigwa picha moja ya mwisho, na kwa familia nyingi hiyo ndiyo ilikuwa picha pekee ya marehemu iliyopo duniani.

Kisha figo za Gervasi zikaharibika. Hakuweza tena kupanda baiskeli, na mkewe, Kaneza, akaishika kamera. Watu walinung'unika mwanzoni, mwanamke gani huyu anayechungulia majeneza ya watu, lakini picha zilipofika wakanyamaza. Kornel mwenyewe alikiri, na yeye hakuwa mtu wa kugawa sifa: "Shemeji, mkono wako hautetemeki. Wa mumeo ulikuwa unatetemeka hata alipokuwa mzima." Gervasi alicheka mpaka akakohoa. Kwa kamera hiyo Kaneza alimuuguza mume, akawalisha mabinti zake wawili, na shamba lao lililokwisha rutuba likabaki la kujishikiza tu.

Siku zake za mwisho zilipokaribia, Gervasi aliomba avalishwe koti, akakalishwa kwenye kiti nje ya nyumba, na mkewe akampiga picha. Kornel aliichapisha kubwa. Ilibebwa mbele ya jeneza, halafu ikawekwa dirishani sebuleni, na hapo ilikaa mwaka mzima.

Mwaka ulipopita ukoo uliitana kwa ajili ya kuganduka, ndivyo wenyewe wanavyoita kuvua msiba. Ndugu wote wanakuja, pombe ya mtama inapikwa, na mali ya marehemu inagawanywa mbele za watu. Kaka wa marehemu, Modesti, alikuwa ameshatangaza kwamba kamera ni mali kubwa, hata trekta halifikii, na Kaneza alikuwa amesema ni kitu cha kawaida tu cha kutafutia chumvi. Mzee Leopoldi, baba yao mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo, akaona asijitie kwenye ugomvi. Akatuma mtu Ng'ambo: Kornel aje aipime, aseme kwa kinywa chake mbele ya ukoo.

Kornel alifika asubuhi, vumbi mpaka kwenye nyusi. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu, keti." Akaketishwa kwa wanaume. Kaneza alikuwa na wanawake, upande wa jikoni, bado amefungwa kitambaa cha msiba. Kornel alimpungia mkono tu. Mwanamume mgeni kumwendea mjane kunong'ona naye kabla msiba haujavuliwa, lo, maneno yake yasingeisha mpaka mavuno.

Basi akakaa akatazama wanavyogawana. Ukoo ule ulikuwa na utaratibu wao. Nyumba na shamba vilibaki kwa mjane kwa ajili ya watoto, na hilo mzee Leopoldi alilisema vizuri, bila kumung'unya maneno. Lakini zana za mwanamume zilirudi kwa mwanamume. Baiskeli ikaletwa, ikazungushwa gurudumu, nzima: Modesti. Redio ikawashwa, ikakoroma bila kutoa sauti: mjane. Jembe jipya, Modesti. Jembe lililopasuka mpini, mjane. Sururu, Modesti. Taa iliyokatika utambi, mjane. Kila kizima kilivuka kwenda kule, kila kibovu kilibaki huku, na hakuna aliyeona aibu. Kornel alihisi damu inampanda kichwani. Mtu amevuja jasho miaka miwili na mgonjwa, halafu anarundikiwa takataka mbele ya wageni, na bado anatakiwa apige makofi kushukuru!

Kamera ikaja mwisho. Watu wakasogea. Kornel akafungua mlango wa betri, akanusa: safi. Akaiweka sikioni, akaiwasha: lenzi ikatoka laini, bila hata chembe. Akapiga picha shuka jeupe lililokuwa limeanikwa: hakuna doa. Kaneza alikuwa ameitunza kwenye soksi ya mtoto, na ilikuwa nzima kuliko siku alipowachagulia. Akainua macho akamwona Modesti ameshanyoosha mkono, kiganja wazi, kama mtu anayengoja chenji yake.

"Mbovu," Kornel akasema.

Modesti akacheka. "Mzee Kornel, mbovu vipi?" Akaichukua, akamlenga mtu aliyekuwa karibu naye, akabonyeza, flashi ikawaka mchana kweupe, na picha ikatokea kwenye kioo. Akaizungusha watu waone. "Inapiga hii! Si mnaona?"

Hapo Kornel alikuwa bado na nafasi ya kurudi nyuma. Angeweza kusema samahani, macho ya uzee haya, ngoja niangalie tena. Lakini alishakasirika, na mtu aliyezoea kuaminiwa akikasirika hashindwi kupata neno.

"Kupiga inapiga," akasema. "Haishiki. Picha zake hazikai. Leo unaiona, kesho unaiona, baada ya mwaka sura inaondoka kwenye karatasi. Ni ugonjwa wa ndani, hautibiki." Akanyoosha kidole kwenye kigoda, walipokuwa wameweka picha ya marehemu na maua ya karatasi. "Mwangalieni mwenyewe."

Wakamwangalia. Jamani, wakamwangalia! Na kweli Gervasi alikuwa anaondoka. Koti lililokuwa jeusi limekuwa la maji ya tope. Masikio yamechanganyika na ukuta wa nyuma yake. Uso umegeuka njano, macho yamebaki mawili peke yake, yanatazama kutoka mbali. Mwanamke mmoja upande wa jikoni akashika mdomo. Modesti akairudisha kamera mezani haraka, akajifuta mkono kwenye suruali.

Kornel alijua kilichomla Gervasi. Ulikuwa wino. Wino wa rahisi, ambao yeye mwenyewe aliujaza kwenye printa yake kwa bomba la sindano ili apate chochote, maana wino wenyewe hasa ungemla faida yote. Ukikaa kabatini unadumu. Ukipigwa na mwanga wa dirishani mwaka mzima, unakwenda zake. Kamera haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa Ng'ambo, juu ya meza yake.

"Basi," akasema mzee Leopoldi, "kibovu ni cha mjane."

Kaneza aliletewa kamera yake kwa mikono miwili. Hakumtazama Kornel. Aliitazama ile picha kwenye kigoda, na Kornel akajiambia, anaigiza vizuri, ameshaelewa mchezo. Si ndiye anayeitumia kila wiki? Nani ajuaye uzima wake kama yeye? Alirudi mjini nyuma ya pikipiki amefurahi, tena alicheka peke yake njiani. Kesho yake akapiga simu ili amweleze vizuri, lakini simu ya Kaneza ilikuwa inachajiwa kwenye sola ya Modesti, na aliyepokea ni Modesti. Kornel akauliza hali za watoto, akakata. Nitamwambia akija kuchapisha, akasema moyoni.

Hakuja. Mwezi ukapita, na mwingine. Wateja wa Ulyankulu wote walipungua, na Kornel akadhani ni msimu wa tumbaku, hawana hela.

Mvua zilipokatika Kaneza akaingia dukani na mfuko wa plastiki mkononi. Alikuwa amekonda mpaka mifupa ya shingo ilionekana. Josepha, mke wa Kornel, alimletea maji na kiti, wakaulizana habari za nyumbani, kisha Josepha akatoka kuwaacha waongee.

"Shemeji," Kaneza akasema, akaweka kamera mezani, "nimekuja uniambie bei yake. Ya kibovu. Labda mtu atataka vipuri."

"Unafanya kazi gani siku hizi?"

"Kazi gani? Si ulisema picha hazikai? Watu walisikia. Wamerudisha picha zao, shemeji. Wanakuja na za ubatizo, na za ndoa, wananiuliza hii itaondoka lini. Bibi Inamahoro alikuja na ile ya mwanawe aliyeangukiwa na mti. Ndiyo hiyo moja tu aliyo nayo. Akaniambia, mwanangu, mrudishe kidogo, angalau macho. Mimi ningemrudishaje?"

"Na kipaimara?" Kornel akauliza. "Wote walikataa?"

"Wapo walioniita, wale ambao hawakuwepo siku ile. Niliwakatalia. Ningewauzia watu sura za watoto wao huku najua zinaondoka? Mimi si mwizi."

Alikuwa ameamini. Huyu aliyeshika ile kamera kila wiki, aliyejua kila kona yake, aliliweka neno la Kornel juu ya macho yake mwenyewe. Kornel akavuta kiti akaketi. Akamwambia yote. Akamwambia habari ya baiskeli na redio na kiganja cha Modesti, akamwambia kamera ni nzima haijapata kuwa mbovu, akamwambia habari ya wino. Alisema haraka haraka huku akitazama meza.

Kaneza hakumwamini. Alidhani anamhurumia. Akatoa mfukoni picha ya Gervasi, ameizungushia kanga. "Na huyu? Nimemweka sandukuni gizani asizidi kuondoka. Kila asubuhi namfungua kumwangalia, naogopa hata kumfungua. Niambie huyu ameliwa na nini."

"Na mimi," Kornel akasema. "Ameliwa na mimi, shemeji."

Akachukua picha mbili alizochapisha siku moja, kutoka kamera nyingine kabisa, ya mtu wa Gongoni. Moja ilikuwa imekaa kwenye droo, nyingine ilikuwa imebandikwa kioo cha mlango kama tangazo la duka. Ya mlangoni ilikuwa na njano ileile. Kaneza alizitazama kwa muda mrefu. Kisha akaziweka chini taratibu.

"Ulishindwa hata kunitumia mtoto?" akasema. "Ulishindwa kuja? Ulyankulu ni Ulaya?"

Kornel akazirudisha zile picha mbili kwenye droo.

"Nitakwenda," akasema. "Jumapili hii. Watu wakitoka misa nitasimama pale nje niwaambie kamera ni nzima, mwenye kosa ni mimi. Waniite mwongo, sawa."

"Halafu?"

"Halafu watakuita tena kazini."

"Halafu Modesti?"

Hilo Kornel hakuwa amelifikiria. Kaneza alikuwa amefika huko kabla yake. Kamera ikiwa mbovu, hakuna atakayepigwa picha nayo. Ikiwa nzima, ni mali ya ukoo, na Modesti angekuja kuichukua jioni hiyohiyo, tena angeongeza kwamba mjane alikula njama na mwanamume wa mjini kuwadhulumu. Na baada ya hapo hata shamba lingeanza kuzungumzwa.

"Kwa hiyo kamera ni nzima," Kaneza akasema, "na mimi sina kamera."

Alisema bila kupaza sauti. Kornel alitamani Kaneza apige kelele, amtukane, avunje kioo cha meza. Alilia yeye, mwanamume mzima, mbele ya mke wa rafiki yake, na Kaneza alimwacha alie, hakumwambia nyamaza.

Kornel akamwekea mezani hela za kamera nzima. Kaneza akahesabu kwa macho, akasukuma nyingi zikarudi. "Nikionekana na hela hizi wataniuliza kibovu gani kimeuzwa hivi. Nipe ya kibovu." Kornel akasihi, akakataliwa. Alitaka basi amchapishie upya Gervasi kwa wino wa kweli, lakini picha yenyewe ilishafutwa zamani. Walikuwa na kadi moja tu, na kila walipochapisha walifuta ili wapate nafasi. Kilichowezekana ni kuipiga picha ileile iliyofifia na kuichapisha. Akafanya hivyo. Ikatoka Gervasi asiye na masikio, njano, na wino mzuri ambao utamweka hivyohivyo miaka yote.

Kaneza akazifunga picha zote mbili ndani ya kanga. Kisha akafungua mlango wa kamera, akatoa betri. "Hizi ni zangu," akasema. "Za tochi." Akaaga vizuri, kama mtu aliyelelewa, akamwachia Josepha salamu, akaondoka.

Jumapili ile Kornel hakwenda Ulyankulu, wala Jumapili iliyofuata. Alimwaga wino wote wa rahisi nyuma ya duka, na faida ya kuchapisha ikafa, lakini hilo halikumsaidia mtu yeyote. Ukimpelekea kamera leo ataigeuza tu mkononi, atakurudishia na kusema, "Muulize mwingine." Wauzaji wa Kanyenye wanasema amezeeka, na mmoja wao aliyewahi kumchukia sana alimletea hata chai.

Kaneza alihamia Urambo na mabinti zake, anafunga tumbaku kwenye shamba la mtu. Habari zake huletwa na mdogo wa Josepha, anayeishi kule. Juzi, anasema, mwenye shamba alinunua kamera ndogo, akataka wapigwe picha na marobota kabla hayajapakiwa. Akawauliza vibarua wote kama yupo anayejua kuitumia. Kaneza alikuwa amesimama mbele kabisa, na akanyamaza. Akaishika mwingine, mkono unatetemeka, na Kaneza alipoambiwa asogee ili aonekane, alivuta kitambaa akajifunika uso.